Nyuzi nne hazikuongeza kasi, michakato minne ikaniletea jumla tupu: nimekosea wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miezi mitano tu tangu nianze kujifunza Python. Nimekusanya faili 1,240 za matini ya Kiswahili na ninataka kujua ni mizizi ipi ya maneno inayotumika zaidi, kwa hiyo kila neno nalipitisha kwenye fanksheni inayokata viambishi: "anapika", "walipika" na "hatutapika" yote yahesabiwe chini ya "pik". Programu inachukua dakika 11. Laptopu yangu ina prosesa ya viini vinne (cores) na inatumia Windows. Niligawa kazi kwa nyuzi nne (threads), muda ukabaki uleule. Nikahamia kwenye multiprocessing, yaani michakato (processes) badala ya nyuzi, makosa yakaanza kumiminika kwenye skrini bila kukoma mpaka nikafunga dirisha. Rafiki yangu akaijaribu kwenye Linux yake, kwake ikaenda mpaka mwisho lakini jumla ikatoka tupu. Msimbo ni uleule! Tatizo ni nini? Na je, ninunue laptopu ya viini vinane? Nimeambatanisha programu nzima.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Asante kwa kuleta msimbo wenyewe na si maelezo tu. Nainakili hapa sehemu inayohusika ili tuende pamoja:

```python
jumla = Counter()

def hesabu(njia):
    for neno in open(njia, encoding="utf-8").read().lower().split():
        jumla[mzizi(neno)] += 1

kundi = Pool(4)
kundi.map(hesabu, faili)
print(jumla)
```

Kwanza nikutoe wasiwasi: namna yako ya kuhesabu ni sawa. Ondoa `Pool`, lile kundi la michakato wafanyakazi, pitia faili moja moja kwa kitanzi cha kawaida, na jumla itatoka sahihi. Kilichokuangusha ni kuamini kwamba wote wanaofanya kazi wanaiona `jumla` ileile. Kwa nyuzi hiyo ni kweli. Kwa michakato si kweli hata kidogo, na humo ndimo yalimotoka makosa ya Windows na jumla tupu ya Linux, ingawa kwa macho hayafanani.

Fikiria duka la fundi cherehani. Ndani wamo mafundi wanne, wana daftari moja la oda, na cherehani ni moja. Fundi yeyote akiandika kwenye daftari, wenzake wanaona hapohapo. Lakini anayeshona ni mmoja tu kwa wakati. Watatu wamesimama wanasubiri zamu. Hizo ndizo nyuzi zako nne. Kwenye Python tuliyoizoea, kitafsiri, yaani ile programu inayosoma msimbo wako na kuutekeleza, kina kufuli moja kuu ambalo watu huliita GIL. Uzi usiolishika kufuli hilo hauwezi kutekeleza hata mstari mmoja wa Python. Nyuzi hupokezana: ulio nje husubiri milisekunde 5 hivi, kisha huomba zamu, aliyeshika huachia, mwingine huingia. Ukiangalia kwa mbali utaona kama zote zinakwenda pamoja. Ukipima kwa saa, kazi iliyofanyika ni ya mtu mmoja.

Kufuli hilo halikuwekwa kwa uzembe. Kila kitu ndani ya Python, iwe orodha, neno au namba, kina hesabu ndogo inayosema ni wangapi wanaokitumia. Hesabu ikifika sifuri, Python hukifuta na kurudisha nafasi yake kwenye memori. Sasa nyuzi mbili zikiigusa hesabu hiyo kwa pamoja bila kufuli, inaweza kukosewa, na kitu kikafutwa wakati mwenzako bado anakisoma. Kufuli moja kuu lilikuwa njia nyepesi ya kuzuia ajali hiyo, na liliifanya Python iwe na kasi nzuri kwa programu za uzi mmoja, ambazo ndizo nyingi.

Usizitupe nyuzi kwa sababu hiyo. Kama kazi yako ingekuwa kupakua kurasa 1,240 kutoka intaneti, nyuzi zingekusaidia sana, kwa sababu uzi unaosubiri mtandao au diski huliachia kufuli. Fundi aliyekaa kumsubiri boda alete kitambaa haizuii cherehani. Kazi yako wewe ni ya kushona mfululizo: kusoma faili ni kidogo, kukata viambishi ndiko kunakokula dakika. Hapo nyuzi hazina la kukupa. (Jambo hili linabadilika. Python 3.13 ya Oktoba 2024 ilileta, kwa majaribio, toleo la pembeni lisilo na kufuli hilo, na 3.14 ya Oktoba 2025 ikalifanya toleo hilo lisaidiwe rasmi. Lakini ukipakua Python kwa njia ya kawaida leo, kufuli bado limo. Kwa anayeanza, jifunze na lililo mezani kwako.)

Michakato ni habari nyingine. Hapa hauongezi mafundi ndani ya duka. Unafungua maduka manne. Kila duka na cherehani yake, kila duka na daftari lake. Kila mchakato una kitafsiri chake, kufuli lake na memori yake, na mfumo endeshi unaweza kuupa kila mmoja kiini chake. Sasa mafundi wanne wanashona kweli kwa wakati mmoja. Bei yake ni kwamba ukiandika kwenye daftari la duka la Magomeni, daftari la Kariakoo halibadiliki.

Rudi kwenye msimbo wako na uangalie `jumla[mzizi(neno)] += 1`. Kwenye Linux ya rafiki yako, `Pool(4)` ilipozaa michakato minne, kila mmoja ulipata nakala ya kila kitu kilichokuwepo wakati ule, pamoja na nakala ya `jumla` ikiwa bado tupu. Michakato watoto ikafanya kazi kwa bidii, ikajaza nakala zake maelfu ya mizizi. Kisha ikafa, na nakala zake zikafa nazo. Mchakato mzazi, ule uliouanzisha wewe, hakuna aliyegusa daftari lake; ulipofika kwenye `print` ukachapisha ulichokuwa nacho tangu mwanzo, yaani `Counter()`. Hakuna kosa lililotokea, ndiyo maana hukuona onyo lolote. Kosa la namna hii ndilo ninaloliogopa kuliko lile linaloijaza skrini maandishi mekundu, maana laiti `jumla` ingekuwa na vitu vichache kabla ya `Pool`, ungepata jibu linalofanana na ukweli na ungelipeleka mahali.

Ukitaka kuliona kwa macho yako, weka `print(os.getpid(), id(jumla), len(jumla))` mwishoni mwa `hesabu`, na nyingine chini kabisa baada ya `kundi.map`. `getpid` inakupa namba ya mchakato. Kwenye Linux utaona namba nne tofauti zikijitokeza, `len` ya kila mmoja ikipanda kivyake, halafu mstari wa mwisho, wenye namba ya tano, ukiwa na sifuri. `id` inaweza hata kuwa ileile kwa wote watano. Isikudanganye: kila mchakato una anwani zake za memori, kama vile kila mtaa unavyoweza kuwa na nyumba namba 12.

Kwa nini basi Windows iligoma pale Linux ilipokubali? Kwa sababu duka jipya hufunguliwa kwa njia tofauti. Linux kwa miaka mingi imekuwa ikitumia njia inayoitwa `fork`: mchakato unajigawa, na mtoto anaanza maisha akiwa na nakala ya kila alichokuwa nacho mzazi. Windows haina kitu hicho. Inatumia `spawn`: inaanzisha Python mpya kabisa, mikono mitupu, na Python hiyo, ili ijue `hesabu` ni nini, inalifungua faili lako na kulisoma tangu mstari wa kwanza. Inakutana na `jumla = Counter()`, sawa. Inakutana na `def hesabu`, sawa. Halafu inakutana na `kundi = Pool(4)`. Mtoto naye anataka kuzaa wanne!

Python inalijua hilo na inamzuia mtoto: anakufa na kosa la `RuntimeError`, linalosema kwa kirefu kwamba umejaribu kuanzisha mchakato mpya kabla huu wa sasa haujamaliza kujiandaa. Lakini kule kwa mzazi, `Pool` ina desturi ya kuziba pengo. Ikiona mfanyakazi amekufa, inaleta mwingine. Mwingine naye anasoma faili lilelile, anafika kwenye mstari uleule, anakufa. Analetwa mwingine. Ndiyo mvua ya makosa uliyoiona, na ulifanya vyema kufunga dirisha, isingekatika yenyewe.

Dawa yake ni mstari mmoja ambao bila shaka umeuona kwenye programu za watu ukaudhania ni mapambo: `if __name__ == "__main__":`. Faili linapotekelezwa na wewe moja kwa moja, `__name__` ina thamani ya `"__main__"`. Linaposomwa na mchakato mtoto ili ajifunze fanksheni zako, thamani hiyo inakuwa nyingine, kwa hiyo kilicho chini ya mstari huo kinarukwa. Ni sawa na kuandika kwenye karatasi ya maelekezo ya duka: "Kufungua matawi ni kazi ya makao makuu peke yake." Uandike hata ukiwa unatumia Linux au Mac. Kwenye Mac, `spawn` ndiyo njia ya kawaida tangu Python 3.8 ya mwaka 2019. Na Linux yenyewe, kuanzia Python 3.14, haitumii tena `fork` pasipo kuombwa. Inatumia `forkserver`, ambayo nayo huusoma msimbo wako upya. Rafiki yako akisasisha Python yake, programu uliyomtumia itagoma kwake pia.

Sasa tuiandike upya. Kanuni ninayokuomba uishike ni hii: mtoto apokee kitu kidogo, afanye kazi yake bila kugusa chochote cha nje, arudishe kitu kidogo. Mzazi peke yake ndiye anayejumlisha.

```python
from collections import Counter
from multiprocessing import Pool
from pathlib import Path

def hesabu(njia):
    maneno = Path(njia).read_text(encoding="utf-8").lower().split()
    mizizi = Counter()
    for neno, mara in Counter(maneno).items():
        mizizi[mzizi(neno)] += mara
    return mizizi

def kuu():
    faili = sorted(Path("matini").glob("*.txt"))
    jumla = Counter()
    with Pool(4) as kundi:
        for sehemu in kundi.imap_unordered(hesabu, faili, chunksize=20):
            jumla.update(sehemu)
    print(jumla.most_common(10))

if __name__ == "__main__":
    kuu()
```

(Fanksheni yako ya `mzizi` ibaki juu ya `hesabu`, kama ulivyoiandika.)

Neno lililobadilisha kila kitu ni `return`. Mwanzoni `hesabu` yako haikurudisha kitu. Ilitegemea daftari la pamoja. Sasa inarudisha hesabu ya faili moja, na mzazi anaipokea na kuiongeza kwenye `jumla` yake. `imap_unordered` inakukabidhi matokeo kadiri yanavyomalizika, bila kujali faili gani lilitangulia, na kwako haijalishi kwa kuwa unajumlisha tu. Kama mpangilio ungekuwa na maana, `map` au `imap` zingekurudishia matokeo kwa mpangilio uleule wa orodha.

Angalia pia kwamba ninampelekea mtoto njia ya faili, si matini yenyewe. Kila kinachotoka duka moja kwenda jingine lazima kifungashwe kwanza kuwa mfululizo wa baiti, kisafirishwe, kisha kifunguliwe upande wa pili. Kazi hiyo hufanywa na moduli ya `pickle` bila wewe kuiita, na si ya bure. Njia ya faili ni herufi chache. Matini nzima ingekuwa mzigo. Hivyohivyo kwenye kurudi: anarudisha jedwali la mizizi na idadi, harudishi orodha ya maneno yote. Nimeona wanaoanza wakisoma data yote kwenye mchakato mzazi, kisha wakiigawa vipandevipande kwa watoto, na programu ikawa nzito kuliko ilipokuwa ya mchakato mmoja. Muda wote uliishia njiani, kwa boda, wala si kwenye cherehani.

Hapo ndipo `chunksize=20` inapoingia. Bila kuitaja, `imap_unordered` hupeleka faili moja moja, kila moja kwa safari yake. Kwa ishirini, kila safari inabeba faili ishirini. Mafungu makubwa hupunguza safari, lakini fungu likizidi ukubwa unaweza kukuta watatu wamemaliza na mmoja bado ana lundo mwishoni. Kwa faili 1,240 na michakato minne, 20 inakupa mafungu 62, kila mchakato kama 15. Hapo pana nafasi ya kutosha ya aliye mwepesi kuchukua zaidi. Jaribu 5, jaribu 50, upime.

`pickle` ina masharti yake pia. Fanksheni unayoipeleka iwe imeandikwa kwa `def` kwenye ngazi ya juu ya faili. Haisafirishi `lambda`, wala fanksheni iliyozaliwa ndani ya fanksheni nyingine, kwa sababu inachosafirisha hasa ni jina la fanksheni, na upande wa pili hulitafuta jina hilo. Kwa sababu hiyohiyo, ukiiandika `hesabu` kwenye kiseli cha Jupyter, ile zana ya kuandikia msimbo ndani ya kivinjari, ukiwa Windows, watoto watalalamika kwamba hawaioni. Iweke kwenye faili la `.py`, uiendeshe kutoka kwenye terminali. Wanafunzi wengi wanapoteza jioni nzima kwa hilo.

Nije kwenye kitu ambacho hukuniuliza lakini ndicho ningekianza kabla ya michakato yote. Tazama tena kitanzi ndani ya `hesabu` mpya. Sikati viambishi kwa kila neno linalojitokeza. Ninahesabu kwanza maneno jinsi yalivyo, kisha ninalikata kila neno mara moja tu kwa kila faili. Kiswahili, kama lugha yoyote, kinarudia: "ya", "na", "wa", "kwa", "ni" zinatokea kila sentensi. Msimbo wako wa awali uliipitisha "ya" kwenye fanksheni nzito ya `mzizi` kila ilipojitokeza, pengine mara mia tatu kwenye faili moja, na kila mara jibu lilikuwa lilelile. Viini vinne, mambo yakienda vizuri sana, vitakupa kasi mara nne. Kuacha kazi ya marudio kunaweza kukupa zaidi ya hapo ukiwa na mchakato mmoja, bila kufuli, bila `pickle`, bila `spawn`. Michakato sambamba huongeza mikono kwenye kazi. Haijui kama kazi yenyewe ilikuwa ya lazima.

Kwa hiyo pima, na pima kwa utaratibu. Chukua faili 100 tu. Andika `kuu` yenye kitanzi cha kawaida, yaani badala ya `kundi.imap_unordered(hesabu, faili, chunksize=20)` weka `map(hesabu, faili)`, fanksheni ya kawaida ya Python, na uondoe mstari wa `with`. Zungushia `time.perf_counter()` mwanzo na mwisho. Linganisha si muda peke yake, bali na jibu: `jumla` mbili lazima ziwe sawa kabisa, ukiuliza kwa `==`. Zikitofautiana, acha kila kitu utafute sababu. Tabia hii ya kuwa na njia mbili, ya mmoja na ya wengi, zinazotumia `hesabu` ileile, imenisaidia kuliko zana yoyote ya kusaka makosa. Kosa likitokea ndani ya mtoto, ujumbe wake unakufikia kwa mzazi, lakini ukiwa umefungwa ndani ya ujumbe mwingine na una mistari mingi ya kutisha. Ukirudi kwenye `map` ya kawaida, kosa lilelile linajitokeza peke yake, wazi, na namba ya mstari.

Usitarajie dakika 11 zigawanyike kwa nne sawasawa. Gene Amdahl alilieleza hilo mwaka 1967, na hesabu yake unaweza kuifanya kwenye karatasi. Tuseme katika sekunde zako 660, sekunde 60 ni kazi isiyogawika: kuorodhesha faili, kujumlisha matokeo, kuchapisha. Zinabaki 600. Kwa michakato minne: 60 na 150, jumla sekunde 210, yaani dakika tatu na nusu, wakati uliota dakika mbili na robo tatu. Kwa michakato minane: 60 na 75, sekunde 135. Hata ukipata mia moja, hutashuka chini ya sekunde 60. Zaidi ya hapo, viini vinne ulivyonitajia huenda ni viini viwili halisi ambavyo kila kimoja kinajionyesha kama viwili. `os.cpu_count()`, inayokuambia idadi ya viini, huhesabu hivyo. Katika hali hiyo michakato minne itakusaidia kuliko miwili, lakini si maradufu.

Memori nayo iangalie. Kila mchakato ni Python nzima na maktaba zake zote. Kwa msimbo wako huu ni kidogo, lakini siku utakapoanza kutumia maktaba nzito za data kwenye laptopu ya gigabaiti 4, michakato minane inaweza kujaza memori, mfumo ukaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na kila kitu kikasinzia mpaka kipanya.

Utakutana na mafunzo yanayokuonyesha `Value` na `Array`, njia za kuwapa michakato daftari moja la pamoja. Zipo na zina mahali pake. Lakini elewa unachokinunua. `kihesabu.value += 1` inaonekana ni tendo moja, kumbe ni matatu: soma, ongeza, andika. Mchakato wa kwanza unasoma 41. Kabla haujaandika, wa pili naye unasoma 41. Wa kwanza unaandika 42, wa pili unaandika 42. Mmeongeza mara mbili, namba imepanda mara moja. Inabidi kila anayegusa afunge kwanza kwa `with kihesabu.get_lock():`, na wakifunga sana wanarudi kupanga foleni kama mafundi wa cherehani moja. Kwa kazi yako `return` inatosha, na ningependa uzoee kutosheka nayo.

Faili la matokeo ni daftari la pamoja pia, hata kama halifanani nalo. Niliwahi kuiandikia ofisi moja programu ya kusafisha rekodi za malipo, michakato minane, na nikaiacha yote minane ifungue faili moja la CSV na kuongeza mistari yake humo. Kwenye majaribio ya rekodi mia mbili ilikwenda safi. Kwenye data yenyewe tulikuta mistari iliyokatika: nusu ya jina la mtu, kisha kiasi cha mtu mwingine. Python haiandiki kwenye diski mstari kwa mstari. Hukusanya na kumwaga kwa mafungu, na fungu linaweza kuishia katikati ya mstari huku mchakato wa jirani ukimwaga la kwake. Mchana mzima tulikaa na mhasibu tukikagua rekodi moja baada ya nyingine, zilizokuwa mishahara ya watu. Tangu siku hiyo, kwenye kila programu yangu anayeandika ni mzazi peke yake. Ukitaka kuhifadhi matokeo yako, yaandikie ndani ya `kuu`, baada ya kitanzi.

Kuhusu laptopu: usinunue kwa sababu ya kazi hii. Umeona hesabu, viini vinane vingekuokolea sekunde 75 juu ya vinne. Anza na `Counter(maneno)` ndani ya mchakato mmoja, uandike muda. Kisha ongeza `Pool(4)`, uandike muda. Huenda ukakuta hatua ya kwanza peke yake imekutosha, na hapo una ruhusa yangu kamili ya kuiacha michakato mpaka upate kazi inayoihitaji.

Nitumie namba hizo mbili ukizipata, ila kabla ya hapo ipitie tena fanksheni yako ya `mzizi`. Nimeiendesha hapa, inakata "ana" mwanzoni mwa kila neno, hata kwenye "anasa", ikabakisha "s". Hilo utalipata vilevile kwa mchakato mmoja au minane.